Mama Mkwe Hakualikwa

Jumamosi, tarehe 2

Mvua zimeanza. Dari ya chumba cha nyuma cha duka la miwani, ninapokatia lenzi, imevuja palepale ilipovuja mwaka jana. Nimesogeza mashine ya kusagia, nikaweka ndoo. Kwa tumbo hili la mwezi wa nane, kazi ndogo kama hiyo inaniacha nahema.

Mume wangu amerudi na habari njema. Yeye ni fundi wa lifti, na miaka yote likizo yake huliwa na lifti ya mtu fulani iliyokwama na watu ndani. Safari hii amepewa likizo kweli, na imeangukia wakati shule zimefungwa. Anataka twende ziwani kabla mtoto hajaja, maana akishakuja hatutakwenda popote. Binti yetu, tunayemwita Chiriku kwa vile mdomo wake haujui kupumzika, amerukaruka kitandani mpaka chaga moja ikavunjika.

Jumapili, tarehe 3

Mchana kutwa nimeangalia picha za nyumba za kupangisha. Tumechagua moja yenye kibaraza kinachotazama maji. Nimejiona pale, miguu juu ya stuli, kimya, hakuna anayeniuliza nimekula nini wala nimelala upande gani.

Jioni mama mkwe ameuliza kama kule kuna baridi, achukue sweta. Hakuna aliyemwambia kwamba anakwenda. Hakuna aliyemwambia kwamba haendi. Mume wangu amemjibu bila kuinua macho kwenye simu: "Chukua mbili, Mama."

Nimekwenda jikoni kuosha kikombe kilichokuwa safi.

Jumatano, tarehe 6

Niandike ukweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu.

Mama mkwe anaishi nasi tangu baba mkwe afariki. Maisha yake yote alikuwa dobi wa hoteli. Ni mtu mwema, sina ninalomdai kwa upande huo. Lakini akila na wageni huvua meno yake ya bandia na kuyafunga kwenye leso, kwa sababu yanambana. Akicheka anapiga mapaja mpaka mtaa mzima unajua. Mwezi uliopita alikuja dukani kuniletea chakula, akawaeleza wateja waliokuwa wakijaribu fremu kwamba choo kinanipa shida, na papai limenisaidia. Bwana mmoja aliweka fremu mezani akaondoka bila kununua.

Kila siku naona haya kwa ajili yake. Halafu naona haya kwa kuona haya. Nikamwazia kwenye kibaraza kile, meno mfukoni, akisalimiana kwa sauti na watu wa nyumba za jirani.

Ijumaa, tarehe 8

Kliniki. Mkunga amenipima, akasikiliza moyo wa mtoto, akasema naweza kusafiri ila si baada ya mwezi huu. Tusimame njiani mara kwa mara, nishuke nitembee, nisisahau kadi. Mwisho akasema: "Na usiende na mumeo na mtoto peke yao. Awepo mwanamke mtu mzima anayekujua."

Nilipofika nyumbani nimesema kwamba mkunga ameagiza nilale kiti cha nyuma safari nzima, miguu juu. Nimesema hivyo mbele ya wote wawili, mume na mama yake, nikiwa nakuna kichwa kana kwamba najaribu kukumbuka maneno yenyewe. Gari letu ni dogo. Chiriku atakaa mbele na baba yake. Hesabu ikajifanya yenyewe, sikuhitaji kuongeza neno.

Mama mkwe ndiye aliyejibu. Alisema basi, mkunga akishasema hakuna mjadala, na kwamba yeye atalinda nyumba.

Jumamosi, tarehe 9

Asubuhi nimekuta sweta zote mbili zimerudi kabatini. Amezikunja kama wanavyokunja hotelini.

Jumanne, tarehe 12

Mvua. Chiriku ameuliza kwa nini Bibi asikae buti. Tumecheka, Bibi akacheka zaidi ya wote.

Alhamisi, tarehe 14

Sijui nianzie wapi.

Leo mvua ilikuwa kubwa, mama mkwe akasisitiza anisindikize kliniki ashike mwavuli. Alinishika mkono kwenye kila dimbwi. Nilitumaini atabaki kwenye benchi la nje, lakini mkunga alipoita jina langu akainuka naye, akaingia, akamsalimu kwa mikono miwili, akamwambia: "Mwanangu, nimekuja kukushukuru. Umefanya vizuri kusema alale kiti cha nyuma. Hawa vijana bila kuambiwa na mtaalamu hawasikii."

Mkunga alinitazama. Niliangalia mizani ya watoto pale mezani.

"Naam," akasema mkunga taratibu. "Miguu ipumzike."

Akampa mama mkwe kiti, akamwuliza habari za magoti, akamsifu kwa kunileta. Kisha akamwomba atupishe kidogo. Mlango ulipofungwa alinipima shinikizo la damu, akaandika, akafungua kitambaa mkononi mwangu. Ndipo akasema, kwa sauti ya chini kabisa: "Leo nimekusitiri kwa ajili yake, si kwa ajili yako. Usinitumie tena."

Nikasema ndiyo. Njia nzima ya kurudi mama mkwe alikuwa akimsifia yule mkunga. Nilikuwa na nafasi ya kusema, barabara nzima, chini ya mwavuli mmoja. Nikasema viatu vyangu vimelowa.

Jumatatu, tarehe 18

Nimewaambia wenzangu dukani kwamba tunakwenda ziwani. Wameona wivu, nami nikafurahi kuonewa wivu. Nimejinunulia kofia.

Jumatano, tarehe 20

Tumefika. Mama mkwe alitufungia mkate na mayai, akanipangia mito miwili kiti cha nyuma kwa mikono yake, mmoja wa mgongo, mmoja wa miguu, akafunga mlango polepole ili usinigonge. Tulipokata kona niliinuka nikakaa, maana nikilala mtoto hunibana pumzi. Njia yote pembeni yangu palikuwa na nafasi ya mtu mzima mmoja. Mume wangu alinitazama mara mbili kwenye kioo. Hakuuliza.

Ziwa ni zuri. Lina rangi ya chuma kwa sababu ya mawingu.

Alhamisi, tarehe 21

Nyumba ya pili amepanga mwanamke wa makamo, yuko peke yake, ni wakili. Amekuja kupumzisha kichwa baada ya kesi ndefu. Ana sauti laini na viatu vya ngozi ambavyo havishiki tope, sijui anatembeaje. Amenikaribisha chai kwenye kibaraza chake, tumezungumza mpaka mvua ikatulazimisha kuingia ndani. Aliuliza nafanya kazi gani. Nikasema niko kwenye mambo ya macho. Akasema, "Ah, daktari wa macho." Nikanywa chai.

Ijumaa, tarehe 22

Mume wangu alikwenda na Chiriku dukani upande wa pili wa ziwa kununua mkate na mafuta ya taa, kwa vile umeme umekatika tangu jana. Nilikuwa nimekaa na Wakili kwenye kibaraza chetu. Mvua ilikuwa ile nyembamba isiyokwisha. Nikaona mtu anateremka njia ya tope, ameshika viatu mkononi na begi kichwani, gauni limemganda mwilini. Nilimtambua kwa mwendo kabla sijauona uso.

Alikuja kwa basi. Basi lilimshusha njia panda, na kutoka pale alitembea. Redio ilikuwa imesema barabara huenda ikakatika, naye akaona haiwezekani mimi nikwame huku na tumbo hili bila mwanamke wa nyumbani. Haya yote nimeyajua baadaye. Pale kibarazani alisimama tu akitabasamu, maji yakimtiririka kidevuni, na meno hayakuwa mdomoni, ameyaficha kwenye leso yasipotee njiani.

Wakili akasema kwa upole, kwa sauti ile laini: "Afadhali. Msaidizi wako amefika. Nilikuwa najiuliza utawezaje peke yako."

Kulikuwa na muda wa kutosha. Ningeweza kusema. Niliona macho ya mama mkwe yakinigeukia, bado anatabasamu, akingoja nimtambulishe.

Nikasema: "Ndiyo."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki pale usoni kama taa ambayo mtu amesahau kuizima. Kisha akateremsha begi, akamwinamia Wakili kidogo, akasema: "Nimefika, mama. Samahani kwa kuchelewa." Na mimi akaniambia: "Bosi, jiko liko wapi?"

Akaingia ndani na tope miguuni. Wakili akaniambia nina bahati, siku hizi watu wa namna hii hawapatikani. Tukaendelea kuzungumza. Naapa tuliendelea kuzungumza, na nilijibu kila alichouliza.

Mume wangu aliporudi alimkumbatia mama yake, akamgombeza kwa kutembea kwenye mvua, akacheka kwa furaha. Nilingoja mama mkwe amwambie. Alimwambia safari ilikuwa nzuri na kondakta alikuwa kijana mwenye adabu.

Jumamosi, tarehe 23

Kila mtu humwita mama au bibi mwanamke wa umri ule, kwa hiyo hata mume wangu au Chiriku akimwita hivyo mbele ya Wakili, hakuna kinachofichuka. Nimelitambua hilo asubuhi, nikashusha pumzi. Nimeona mimi ni mtu wa namna gani.

Akiwa na sisi tu, mama mkwe ni yuleyule, anapika, anacheka na Chiriku, ananisugua miguu iliyovimba. Ila haniiti tena mwanangu. Haniiti chochote. Wakili akitokea, naitwa bosi.

Mchana Wakili alikuja na magauni mawili mkononi. Akamwuliza mama mkwe, si mimi, kama anaweza kumsaidia kuyafua, tope limeruka. Mama mkwe akapokea kwa mikono miwili. Nilisimama dirishani. Aliyafua nyuma ya nyumba kwenye beseni, chini ya bati, jinsi alivyofua shuka za wageni ujana wake wote: kola kwanza, kisha pindo, akisugua kwa kifundo cha mkono. Mume wangu akamkuta. Nilimsikia akimwuliza nguo hizo ni za nani na kwa nini anafua likizoni.

"Za jirani," akasema. "Mikono imezoea, ikikaa bure inauma."

Mume wangu akacheka, akasema mama yake haponi.

Mimi niliondoka dirishani nikalala kifudifudi, nikakumbuka siwezi kulala kifudifudi, nikageukia ukuta.

Jumapili, tarehe 24

Mvua. Sikutoka. Nimesema kichwa kinauma.

Jumatano, tarehe 27

Ni mvulana. Ni mdogo lakini analia vizuri. Niko kwenye kitanda cha kituo cha afya, yeye amelala kifuani. Niandike ya juzi kabla sijayarembesha.

Jumatatu asubuhi mume wangu alipanda na gari kilimani na Chiriku, kutafuta mtandao awapigie kazini, kuna lifti waliyoshindwa kuifungua. Walipoondoka tu, nikasikia maji yananishuka miguuni. Mama mkwe alinitazama mara moja akajua. Alinivika gauni kavu, akachukua kadi, akakunja khanga mbili, akatoka mbio hadi kwa Wakili kuomba gari. Simu ya mume wangu haikupatikana.

Wakili aliendesha. Mama mkwe alikaa nami nyuma. Maumivu yalikuja upesi kuliko kwa Chiriku. Kila yalipokuja niliusaga mkono wake, naye akaniachia niusage, lakini hakusema neno lolote la kunituliza, yeye anayemtuliza hata paka.

Kituoni muuguzi mmoja alikuwa zamu, mwanamke mnene mwenye haraka. Akasema anaingia ndugu mmoja tu, chumba ni kidogo. "Nani anaingia?"

"Nitaingia mimi," akasema Wakili. "Mimi ni jirani yake. Huyu ni mfanyakazi wake wa ndani."

Mama mkwe akauachia mkono wangu. Hakuuvuta, aliufungua tu, kidole kimoja kimoja, akamkabidhi Wakili kadi na khanga, akarudi nyuma hadi ukutani, mahali wanapokaa wanaongoja. Alikuwa anaondoka kweli. Angekaa pale nje mpaka mtoto azaliwe, kwa sababu mimi nilisema ndiyo.

"Ni mama mkwe wangu," nikasema.

Wakili hakusikia vizuri, au alisikia. Akauliza: "Nani?"

"Huyo. Ni mama wa mume wangu. Si mfanyakazi. Nilikudanganya." Maumivu yakanikata, nikashika ukingo wa meza, yalipopita nikamalizia: "Na mimi si daktari. Nakata lenzi dukani."

Muuguzi akasema hana haja na kazi yangu, anataka mtu wa kuingia. Wakili alisimama na funguo za gari mkononi, uso umembadilika rangi. Nadhani alikuwa anayakumbuka magauni. Akamgeukia mama mkwe, akafungua mdomo, mama mkwe akamwambia tu, "Nipe hizo khanga, mama," akazichukua, akaingia nami.

Alinisugua mgongo mpaka mwisho. Mtoto alipotoka alilia yeye kabla ya mtoto. Muuguzi akamwambia ampokee, naye akampokea, akamfuta, akamwita bwana mdogo, akamwita mgeni wa mvua. Mimi hakuniita chochote.

Ijumaa, tarehe 29

Tuko nyumbani. Mume wangu aliendesha polepole kama amebeba mayai. Mama mkwe alikaa mbele na Chiriku magotini, mimi na mtoto nyuma. Tulienea wote.

Jioni nimemwambia mume wangu. Nimeanza na mkunga nikamaliza na magauni, sikuacha kitu. Alikuwa anatengeneza ile chaga ya kitanda cha Chiriku. Aliendelea kupiga misumari mpaka nilipofika kwenye magauni, akaweka nyundo chini.

"Alikuwa anarudi nyumbani mikono imechubuka," akasema, "anatuambia kule hotelini wanamheshimu sana. Nilipokua nikajua ilikuwa uongo wa kutufurahisha. Nikajiambia kwangu atakaa kama malkia."

Akatoka. Nilisikia mlango wa nje. Alirudi kwa chakula, akala, akamshika mtoto, hakuniangalia.

Jumapili, tarehe 31

Nimemwomba radhi mama mkwe. Alikuwa anamwogesha mtoto, amemlaza juu ya mkono mmoja. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri, yakatoka ovyo, na nikaanza kulia katikati.

Alimmwagia mtoto maji mgongoni mpaka povu likaisha. "Nimekusikia," akasema. "Lakini usinililie. Ukinililia itabidi nikubembeleze, na leo sitaki kukubembeleza."

Nikajifuta. Nikamshikia taulo.

Akaniambia atakaa mpaka kitovu cha mtoto kidondoke, kisha atakwenda kwa wifi yangu, binti yake, kwa muda. Sikuthubutu kuuliza muda gani.

Jumatatu, tarehe 1

Kitovu kinaning'inia kwa uzi. Nambadilisha nepi kama mtu anayebeba kikombe kilichojaa.

Jumanne, tarehe 2

Kimedondoka. Nilikikuta asubuhi kwenye nepi, kidogo, kikavu, cheusi. Mume wangu alikuwa ameshatoka, Chiriku amelala, mama mkwe anafagia uani baada ya mvua. Hakuna aliyeona. Ningeweza kufunga nepi ile na kesho kusema bado. Niandike pia kwamba nilisimama na wazo hilo muda mrefu kuliko inavyopasa.

Kisha nikamwita. "Mama, kitovu kimedondoka."

Akaja akifuta mikono, akaweka kidole pale kilipotoka, akasema pamekauka vizuri. Akamfunga nepi mpya. Kisha akaenda kuteremsha begi.

Nilimkunjia sweta zake zote mbili. Nilizikunja vibaya, akazikunjua akazikunja upya. Mlangoni nilimwambia kwamba hapa ni kwake, aje wakati wowote.

"Hapana," akasema. "Kule ziwani nilijileta. Sasa nataka kuitwa."

Nilimbebea begi hadi kituo cha basi, mtoto nikiwa nimemfunga mgongoni. Hakunizuia.

Alhamisi, tarehe 4

Nimempigia asubuhi kumwalika chakula cha Jumapili. Hakupokea. Mchana nitampigia tena.